Maneno huumba, ila yapi? Kauli tano za kujinenea mema, na jinsi ya kuchagua yako

Kwa wiki tatu nilikuwa na karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha chumbani kwangu. Niliiandika kwa kalamu nene nyekundu: MIMI NI MREMBO. NAJIPENDA NILIVYO. Kila asubuhi kabla ya kutoka nilisimama mbele yake nikaisoma kwa sauti mara kumi. Wakati huo mashavu yangu yalikuwa yamebabuka kwa mkorogo, yaani krimu za kuchubua ngozi, niliopaka karibu miaka miwili. Mikono ilikuwa myekundu, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, na jua la Tanga la saa nne likinipata usoni ilikuwa kama nimepakwa pilipili. Nikisema "mimi ni mrembo", sauti ya ndani inajibu papo hapo: muongo. Mara kumi kwa siku, siku ishirini na moja. Nilijiita muongo mara mia mbili na kumi.

Nilipoibandua karatasi ile niliamini tatizo ni mimi, kwamba sina imani ya kutosha. Ilinichukua muda kujua kwamba tatizo lilikuwa sentensi. Naandika kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele ya kioo kama kile leo, au aliyekaa mbele ya kikombe cha chai anachojua kimezidi sukari, na anataka kujua ajiambie nini. Njia zipo kadhaa. Nimezijaribu, nimesoma yaliyochunguzwa kuzihusu, na kwa maoni yangu hazilingani hata kidogo.

Sisi tumelelewa na usemi kwamba maneno huumba. Mama akimsikia mwanawe anasema "mimi sina bahati" humkatiza hapo hapo: usijinenee mabaya! Kanisani watu hukiri ushindi, na Waislamu tuna nyiradi zetu za asubuhi na jioni. Ibada siziingizi katika ulinganisho huu. Dua ina Mwenye kuisikia, na uzito wake hauegemei nafsi ya anayeomba. Ninazozipima hapa ni kauli ambazo mtu anajiambia akitegemea masikio yake mwenyewe.

Kipimo changu ni kimoja: kauli hiyo ina shahidi? Yaani ukiitamka, kuna lolote ulilofanya au unalolijua linaloweza kusimama na kusema "ni kweli, nimeona"?

Kauli ya sifa: "Mimi ni mrembo", "Mimi ni mshindi"

Hii ndiyo inayojulikana kuliko zote. Utaikuta kwenye status za WhatsApp alfajiri, kwenye vikombe vya zawadi, hata nyuma ya bajaji. Aliyeipa umaarufu desturi ya kurudia sentensi moja kila siku ni Émile Coué, mfamasia wa Ufaransa aliyezaliwa Troyes mwaka 1857 na baadaye kufanya kazi yake mjini Nancy. Aliwafundisha wagonjwa wake kurudia maneno yale yale mara ishirini wakiamka na mara ishirini kabla ya kulala, wakihesabu kwa uzi wenye mafundo ishirini. Aliyewahi kushika tasbihi au rozari ataelewa mara moja kazi ya uzi ule: vidole vinahesabu ili akili isihangaike na hesabu. Sentensi yenyewe, ukiisema kwa Kiswahili, ni kama hivi: "Kila siku, kwa kila hali, nazidi kuwa bora." Ishike hiyo "nazidi", maana nitairudia.

Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake walitaka kujua kauli za sifa zinamfanya nini mtu. Waliwaomba watu waandike mawazo yao kwa dakika nne, na baadhi yao, kila waliposikia mlio mfano wa kengele, walitakiwa kujiambia kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo waliinuka moyo kidogo. Waliokuwa wakijiona duni, yaani wale hasa wanaoambiwa kila siku wajaribu kauli hizi, waliishia kujisikia vibaya kuliko wenzao wa aina yao ambao hawakurudia chochote. Niliposoma hayo nililia, kusema kweli, kwa sababu niliikumbuka ile karatasi.

Kuna jambo jingine katika kazi yao ambalo watu hawalitaji sana. Wenye kujiona duni walipoachiwa wafikirie pande zote mbili, kwa namna gani kauli ni kweli na kwa namna gani si kweli, walipata nafuu kuliko walipolazimishwa kutazama upande wa kweli peke yake. Moyo ukizibwa mdomo unapiga kelele zaidi.

Siitupi kauli ya sifa. Mdogo wangu anauza vitenge sokoni, ana maneno yake ya kujipigia debe kabla ya kufungua duka, na yanamfaa kwa sababu anayaamini kabla hajayasema. Kama unajithamini vya kutosha na unataka tu kujipa moto kabla ya usaili au kabla ya kusimama mbele za watu, itumie. Lakini kama neno unalojiambia ndilo lile lile linalokuuma, iache kwa sasa.

Kauli ya mwendo: "Ninajifunza", "Nazidi", "Leo nime..."

Kiswahili chetu kimetupa zawadi hapa, na iko kwenye vitenzi. "Mimi ni mrembo" inatangaza hali iliyokamilika. Au unaikubali au unaikana. "Ninajifunza kuutazama uso wangu bila kuuchukia" inasimulia kazi inayoendelea, na kazi inayoendelea ni vigumu kuikana kama kweli umeianza. Ndipo ninaporudi kwa Coué. Sentensi yake ilikuwa na mwendo ndani yake. Hakuwaambia wagonjwa waseme wamepona. Aliwaambia waseme wanazidi.

Kuna -me- pia, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote. "Leo nimetembea hadi sokoni kwa miguu." "Nimemaliza siku ya nne bila kupaka." Hiyo ni kauli yenye shahidi aliyekaa mlango wa mbele. Haihitaji imani, inahitaji kumbukumbu tu. Mtu anayejiona hana thamani anaweza kubishana na "mimi ni shujaa" mpaka jioni, lakini hawezi kubishana na miguu yake yenye vumbi.

Kasoro yake ni kwamba haina shamrashamra. Ukiiweka kwenye status hakuna atakayekutumia mioyo. Na kwa mtu mwenye haraka inaonekana kama kujipunja, kama kusema "bado sijafika". Wifi yangu aliniambia hivyo hivyo: mbona unajinenea nusu? Nilimjibu kwamba nusu ninayoiamini inanibeba zaidi ya nzima ninayoikataa.

Kauli ya huruma: "Pole"

Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Marekani, tangu mwaka 2003 amekuwa akichunguza jambo ambalo naweza kuliita kujihurumia bila kujidekeza. Analigawa mara tatu: kuwa mpole kwa nafsi yako unapokosea, kukumbuka kwamba binadamu wote huumia na kukosea, na kuyatazama maumivu yako bila kuyakuza wala kuyaficha. Waingereza na Wamarekani wamehitaji vitabu kulieleza. Sisi tuna neno moja.

Jumapili moja nilikwenda kwa shangazi. Nilimkuta barazani anachagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Mbona umejifunika mtandio mpaka puani na joto lote hili?"

Nikaushusha mtandio. Aliyatazama mashavu yangu, akauweka ungo chini. Nilikuwa nimejiandaa kusikia "si nilikwambia?", kwa kuwa kweli alikuwa ameniambia, zaidi ya mara moja.

"Pole mwanangu. Yanauma?"

"Yanauma shangazi."

"Pole sana. Kanawe maji ya baridi, usipake kitu. Ukirudi uje unisaidie huu mchele, macho yangu siku hizi hayaoni chuya."

Hakuna karatasi iliyowahi kunifanyia alichonifanyia yule mama kwa maneno machache vile. Nikiwa njiani kurudi niliwaza: sisi humwambia pole mtu aliyejikwaa barabarani hata kama hatukumsukuma, humwambia pole aliyebeba mzigo mzito, aliyetoka safari, hata anayepiga chafya. Uso wangu mwenyewe uliokuwa ukiungua sikuwahi kuuambia pole. Nilikuwa nauambia kwamba ni mzuri, jambo ambalo hata haukuwa umeuliza.

Basi nikaanza. Asubuhi, kabla ya neno lolote la sifa, naweka kiganja shavuni na kusema pole, tena najiita kwa jina langu. Hilo la jina nilidhani ni langu peke yangu, kumbe limechunguzwa. Mwaka 2014 Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha kwamba mtu anayejisemesha kwa jina lake au kwa "wewe", badala ya "mimi", hupungukiwa na wasiwasi anapokabili jambo zito kama kuhutubia watu. Unakuwa kama shangazi wa nafsi yako.

Kati ya kauli tano, hii ndiyo ningempa mtu aliyeumia, awe ameumizwa na ngozi, na unene, na maneno ya mume, au na kushindwa kuacha jambo aliloapa kuliacha. Shahidi wake ni maumivu yenyewe, na maumivu hayaombwi ushahidi. Hofu ya wengi ni kwamba itawalegeza, mtu ajionee huruma na kubaki pale pale. Mimi naona inategemea kinachofuata baada ya pole. Shangazi hakuishia pole. Alinipa maji ya baridi na kazi ya mchele.

(Niseme hapa kwa ajili ya dada wanaotaka kuacha mkorogo: muoneni kwanza daktari wa ngozi. Baadhi ya krimu zile zina steroidi kali, na ukiziacha ghafla ngozi inaweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo, ukadhani mkorogo ndio uliokuwa unakusaidia. Nyingine zina zebaki, inayoumiza figo. Maneno mazuri peke yake hayatoshi hapo.)

Kauli ya thamani: unachokijali kuliko hicho kinachokutisha

Hii ni ya kuandika zaidi kuliko kutamka. Claude Steele, mwanasaikolojia wa Marekani, aliiwekea msingi mwaka 1988: mtu anapotishwa upande mmoja wa nafsi yake, husimama imara akikumbushwa upande mwingine anaouthamini. Unachukua kalamu, unachagua jambo moja unalolijali kwa dhati, labda malezi, imani yako, ufundi, udugu, na unaandika kwa dakika kumi kwa nini unalijali na lini uliliishi. Husemi lolote kuhusu uzuri wako wala uzito wako.

Faida yake nimeiona siku moja tu, lakini ilikuwa siku kubwa. Nilipimwa sukari ya damu kabla ya kula, ikasomeka 6.4 (kwa kipimo cha mmol/L). Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 6.1 hadi 6.9 bado hujaitwa mgonjwa wa kisukari, lakini uko mlangoni, kuanzia 7.0 ndipo ugonjwa wenyewe. Nilitoka pale nimenuna. Nilimkasirikia muuguzi, nikasema mashine yao mbovu, nikasema ukoo wetu hauna kisukari, nami najua mjomba alikatwa kidole cha mguu kwa ugonjwa huo huo. Usiku niliandika ukurasa mmoja kuhusu kuwa mama: nilivyomfundisha mwanangu kusoma, nilivyokesha naye hospitalini akiwa na homa. Nilipomaliza, ile 6.4 haikuwa tusi tena. Ilikuwa taarifa kuhusu mama wa yule mtoto.

David Sherman na wenzake, Steele akiwa mmoja wao, waliliona jambo kama hili mwaka 2000 kwa wanawake wanywa kahawa waliopewa makala iliyoihusisha kafeini na maradhi. Waliokumbushwa jambo wanalolithamini waliisikiliza makala kwa moyo mweupe zaidi, na wengine waliitafutia kasoro. Kwa hiyo kama tatizo lako ni kukataa habari mbaya, kukwepa kupima, kuficha cheti cha kliniki chini ya nguo kabatini, anza na hii. Kwa matumizi ya kila siku, naiona nzito. Mara moja kwa mwezi yatosha, au siku ya kwenda kupima.

Kauli ya mpango: "Nikishafanya hivi, nitafanya vile"

Kauli nne za juu zinashughulikia moyo. Hii inashughulikia mkono, na linapokuja suala la mazoea ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Ngoja nianze na chai. Nilikuwa nakunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vinne vya sukari. Hivyo ni vijiko kumi na viwili. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina takriban gramu 4, kwa hiyo karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni karibu gramu hizo hizo 50, na linasema ingekuwa vyema zaidi mtu ashuke hadi 25. Mimi nilikuwa nimeujaza mpaka kwa chai peke yake, bado soda, bado mandazi, na vijiko vyangu havikuwa vya kusawazishwa, vilikuwa vya kilima.

Nilijaribu kwanza kauli ya sifa: "Mimi ni mtu mwenye afya." Nikaisema huku nakoroga.

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alieleza mwaka 1999 kwa nini nia njema hukwama namna hiyo. Nia haijui saa wala mahali. Dawa yake ni kuifunga kwenye jambo ambalo tayari hutokea: likitokea hili, nitafanya lile. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya mbinu hii na kukuta inasaidia kwa kiasi cha kuonekana kabisa watu kutimiza walichokusudia. Kwangu ilikuwa hivi: "Nikishafungua kopo la sukari, nitatia vijiko vitatu na kufunga kopo kabla ya kukoroga." Hilo la kufunga kopo ndilo lililoleta tofauti. Zamani kopo lilibaki wazi mezani, nikionja chai naongeza. Kopo likishafungwa, kuongeza kunataka uamuzi mpya, na saa kumi na mbili asubuhi mtu hana nguvu za uamuzi mpya. Mwezi uliofuata nikashuka hadi viwili.

Siku yetu ya kawaida imejaa vigingi vya kufungia kauli za namna hii: adhana ya alfajiri, kupiga mswaki, kuteremka kwenye daladala, kufunga mlango wa duka. "Nikishateremka kituo kimoja kabla ya kwangu, nitatembea." Dakika ishirini na mbili kwa siku zinakufikisha kwenye dakika 150 za wiki ambazo ndizo kiwango cha chini kinachoshauriwa kwa mtu mzima. Hakuna haja ya jimu wala raba za bei.

Mazoea yana taabu, wahenga walisema, na taabu yake ina urefu tofauti kwa kila mtu. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya moja ya kula, kunywa au kufanya mazoezi. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Katikati ya kundi, tabia ilihitaji siku 66 ili ijifanye yenyewe, lakini kwa wengine ilikuwa siku 18, na kwa wengine hesabu ilionyesha ingefika 254. Zile siku ishirini na moja zangu za kioo hazikuwa na msingi wowote. Walikuta pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu kazi. Siku ya sikukuu nilipokunywa chai ya shangazi yenye vijiko nisivyovihesabu, nilisema pole, kesho yake nikafungua kopo na kutia viwili.

Udhaifu wa kauli ya mpango ni kwamba haimgusi mtu anayejichukia. Ukimpa ratiba mtu anayejiona hana thamani ataigeuza fimbo ya kujichapia kila anapokosa.

Kuhusu "sinywi" na "nimekatazwa"

Hili ni dogo lakini linatukuta kila wiki. Uko harusini, unaletewa soda, unakataa vipi? Wengi tunasema "nimekatazwa na daktari", na kwa adabu zetu ni jibu zuri, halimuudhi mwenye shughuli. Lakini angalia linakufanyia nini wewe. Nimekatazwa maana yake nataka, ila kuna mtu kanizuia, na mtu huyo hayupo hapa ukumbini.

Vanessa Patrick na Henrik Hagtvedt walilipima hili Marekani, wakachapisha mwaka 2012. Waliofundishwa kujisemea kwa namna ya "mimi huwa sili" walichagua kitafunwa chenye afya zaidi kwa wingi, asilimia 64, kuliko waliosema "siwezi kula", ambao walikuwa asilimia 39. Ushauri wangu ni uwe na jibu la nje na la ndani. Kwa mwenye harusi sema lolote litakalomridhisha, omba maji, msifu kwa pilau. Moyoni jiambie: mimi soda sinywi. Nayo ina shahidi kila inapopita chupa moja bila kuifungua.

Sasa uchague

Kama unajiona uko sawa na unataka kujipa nguvu tu, chukua ya sifa bila wasiwasi. Kama ukijitazama unaumia, anza na pole, na usikimbilie kwingine kabla hujaizoea. Mimi niliibakiza peke yake zaidi ya mwezi. Kama unakwepa kujua hali yako, andika ile ya thamani usiku wa kuamkia kliniki. Kama unajua tatizo lako ni kopo, sigara, simu ya usiku wa manane au kukaa kutwa, nenda moja kwa moja kwenye mpango, mmoja tu, uliofungwa kwenye kigingi unachokipita kila siku. Na ile ya mwendo iwe ya jioni kwa kila mtu: leo nime-nini? Ukikosa la kujaza hapo, punguza ukubwa wa unachotafuta. Nimeoga pia ni nime-.

Ukizichanganya, mpangilio una maana. Pole kwanza, mpango katikati, mwendo jioni. Nilipoanza na mpango kabla ya pole, nilijichapa.

Na kuna wakati kauli zote tano hazitoshi. Ikiwa umepita wiki mbili huna hamu ya kitu, usingizi umekukimbia au umezidi, au mawazo ya kujidhuru yamekujia hata mara moja, usibaki na kioo. Nenda kituo cha afya, na nenda na mtu. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwaweka bibi waliofunzwa kwenye mabenchi ya zahanati mjini Harare, ili mtu anayesumbuliwa na kile ambacho Washona wanakiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, apate wa kumsikiliza. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba dalili za waliokaa kwenye mabenchi yale zilipungua kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Nikisoma habari zao namuona shangazi na ungo wake.

Kioo changu sasa hakina karatasi. Kuna moja jikoni, imebandikwa kwenye mfuniko wa kopo la sukari kwa gundi ya daftari la mwanangu, imeshaanza kuloa pembeni: NIKIFUNGUA, VIWILI, NAFUNGA. Juzi alinisahihisha akiwa na kijiko mkononi. "Mama, hicho cha pili kina kilima." Nikakisawazisha.